Gauni la Kijani la Rhonda

Hadithi hii sikuiokota barabarani. Ilimpata mpwa wangu Maren, binti wa dada yangu Lorna, na sehemu kubwa niliiona mwenyewe, jua likiwa bado linawaka. Anayesema mizimu hungoja giza hajakaa Kester, Nebraska, msimu wa dansi ya shule.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Nilikuwa jikoni kwa Lorna, cherehani mezani, kolache, vile vimkate vitamu vya plamu, zikipoa dirishani. Maren alikuwa amesimama juu ya kiti ili nimpunguzie gauni. Mwaka ule mabinti walikuwa wamerudia mitindo ya mama zao: mikono iliyovimba, hariri inayong'aa, fundo kubwa kiunoni. Wenzake walizunguka maduka ya nguo kuukuu hadi Omaha, lakini Maren alilitaka gauni la kijani la mama yake, lililokuwa ndani ya boksi darini tangu mwaka themanini na tisa. Lorna alikataa wiki nzima. Mwisho akachoka, akalishusha.

Maren ni mfupi kuliko mama yake, kwa hiyo nilifumua upindo. Ndani nikakuta pengo la mstatili, dogo kama kiberiti, limekatwa kwa mkasi. Nikacheka. Kwetu ndivyo inavyofanywa: binti hukata kipande ndani ya upindo akampa kijana wake, ili tai ya kijana na maua atakayomvisha mkononi vipatane na gauni.

"Kumbe hiki ndicho ulichompa Dale," nikamtania Lorna. Dale ndiye mumewe, na ndiye aliyempeleka dansini mwaka ule.

Dada yangu alikuwa akifuta sahani. Akaacha.

"Mimi sikulikata gauni lile," alisema. "Ni nondo."

"Nondo mwenye mkasi, dada?"

Akarudia kufuta sahani. Maren akakata kipande chake pembeni mwa pengo lile, ampelekee Colt Hruska, kijana aliyemwalika. Alikuwa amemngoja Colt amwalike tangu Krismasi. Alichotaka duniani ni kutembea naye Matembezi Makuu, pale kila jozi inapoitwa kwa majina, mji mzima umekaa ukumbini unatazama. Mji wetu hauna sinema wala duka kubwa. Tuna Matembezi Makuu, na binti huyatembea mara moja tu.

Siku ya dansi ikafika. Mchana Maren alifungua friji kutoa ua la kifuani alilomnunulia Colt. Akakuta vijisanduku viwili. Kimoja chake. Cha pili cha plastiki iliyogeuka njano, na ndani yake waridi jeupe bichi lenye matone ya maji, limefungwa utepe wa kijani. Juu yake kuna jina kwa mwandiko wa kike: Dale.

Maren alidhani mama yake anamfanyia baba mzaha wa mapenzi. Akampelekea akicheka. Lorna alikichukua kile kijisanduku kwa ncha za vidole, akatoka nje, akakitupa kwenye pipa la taka, akaliwekea pipa tofali juu. Kisha akarudi ndani na kunawa mikono kwa muda mrefu.

Dale hakwenda nasi. Hajawahi kukanyaga Matembezi Makuu tangu amalize shule. Kila mwaka alisema ni msimu wa kupanda na mahindi hayamngojei mtu. Safari hii alisema hivyohivyo, akambusu binti yake kwenye paji la uso, akakaa kwenye ngazi za baraza kuvua buti.

Ukumbi wa michezo ulikuwa umejaa. Jua la jioni liliingia kwa madirisha ya juu, likalala kwenye sakafu ya mbao. Mabibi walikuwa wakihukumu magauni kabla hayajafika: huyu kajibana, yule kaacha mgongo wote nje kama kuku wa kunyonyolewa. Mimi na Lorna tulikaa safu ya tatu. Simu yake ilikuwa tayari mkononi.

Wakaanza kuitwa. Jozi inatokea chini ya tao la maputo, inatembea hadi mwisho wa sakafu, inageuka, inapigwa picha, inarudi. Tukapiga makofi hadi viganja vikawaka.

"Maren Kucera na Colt Hruska."

Wakatokea. Colt, tai ya kijani, uso mwekundu kwa haya. Binti kainamisha kichwa, nywele zimemfunika shavu. Lorna akaanza kulia kwa furaha. Nami machozi yalinijia, kusema kweli.

Kisha nikatazama chini.

Upindo wa lile gauni nilikuwa nimeupunguza kwa mkono wangu. Ulipaswa kuonyesha viatu. Huu ulikuwa unaburuzika sakafuni. Ulikuwa umelowa. Kila ulipopita uliacha mfuo wa maji na vumbi jeusi.

Nikamshika Lorna mkono. Naye alikuwa ameshaacha kulia. Alikuwa akitazama doa kwenye bega la gauni, doa jekundu la sharubati.

"Lile ndilo langu," alinong'ona. "Hilo doa nililitia mimi, usiku ule."

"Basi lile nililompunguzia Maren ni la nani?"

Akaishusha simu magotini.

Mtu akaketi kando yangu, anahema. Nikageuka. Alikuwa Maren. Gauni lake kavu, viatu vinaonekana, kope zimechuruzika wanja. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka.

"Mamdogo, nilifungiwa chumba cha kubadilishia nguo," alisema kwa sauti ya chini. "Nimegonga, hakuna aliyesikia. Yule aliye na Colt ni nani?"

Wale wawili walikuwa wamefika mwisho wa sakafu. Wakageuka. Binti akainua uso. Hakutazama kamera. Alipitisha macho safu kwa safu, polepole, anatafuta mtu. Akamwona Lorna. Akampita.

Hakuwa amemfuata Lorna.

Akamsemesha Colt kitu sikioni. Colt akajibu. Binti akauachia mkono wake, akatoka kwa mlango wa pembeni, ule wa kuelekea reli. Watu waliendelea kupiga makofi. Walidhani ni mbwembwe.

Tulimkuta Colt amesimama palepale, mkono bado umekunjwa kama ameshikwa. Maren alipomkaribia, alirudi nyuma hatua moja.

"Umetoka nje sasa hivi," alimwambia. "Uliniuliza baba yako yuko wapi."

"Mimi sijakuuliza kitu, Colt."

"Nikakuambia yuko nyumbani."

Ndani ya gari, Lorna aliyasema yote akiwa ameukazia macho usukani. Mwaka ule Dale alikuwa amemwalika Rhonda Vasek, rafiki yake Lorna wa chanda na pete. Rhonda akampa Dale kipande cha gauni lake. Dale akakichukua kile kipande akampa Lorna, na Lorna akaenda nacho Omaha, duka kwa duka, hadi akapata gauni lilelile. Wala hawakumwambia. Rhonda alikaa sebuleni kwao, amevaa, anatazama barabara, ua la Dale liko kwenye friji. Mwisho akaja mwenyewe ukumbini. Akasimama mlangoni. Akaliona gauni lake kwenye mwili wa rafiki yake, mkononi mwa kijana wake, na mji mzima unapiga makofi. Usiku ule wa mvua gari lake lilikutwa kwenye kivuko cha reli, penye vumbi jeusi la makaa, mlango wazi. Yeye hakuonekana tena.

"Mlisema ni yeye aliyekuigiza," nilisema.

"Ndiyo."

"Ulinitazama usoni ukaniambia hivyo."

Nilikuwa mtoto. Msichana mmoja shuleni alimwita dada yangu mwizi, nikapigana naye, nikavunjika jino la mbele. Miaka yote hii nimetafunia jino la bandia na nikajivunia, kwa sababu nililipoteza nikimtetea dada. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kilinila hadi jino. Maren, kiti cha nyuma, hakulia. Aliuliza jambo moja tu: baba yake alijua? Lorna alisema alijua tangu mwanzo, kwani ndiye aliyekitoa kile kipande.

Tulifika jua halijazama. Buti za Dale zilikuwa kwenye ngazi, zimepangwa. Pikapu yake ilikuwa uani. Redio jikoni ilikuwa ikitangaza bei ya mahindi. Tukamwita. Maren akakimbia hadi ghalani na kurudi. Pipa la taka lilikuwa na tofali lake juu, vilevile.

Mezani kulikuwa na kijisanduku cha plastiki ya njano. Wazi. Waridi halimo. Badala yake kulikuwa na kipande cha hariri ya kijani. Kutoka mezani hadi mlango wa nyuma, mfuo wa maji na vumbi jeusi. Kando yake, nyayo za mtu asiye na viatu, kubwa, za mwanaume. Zilikuwa zinakwenda sambamba, hatua kwa hatua, kama matembezi.

Dale hajaonekana. Polisi wanasema wanaume huondoka, mambo haya hutokea. Lorna sasa hukaa sebuleni kila jioni akitazama barabara. Maren anaishi kwangu, na mama yake akipiga simu, huniambia niseme yuko nje. Mimi simlaumu.

Kile kipande ninacho mimi. Nilimuuliza Colt kama ni chake, akatoa chake mfukoni. Basi nikafumua tena upindo wa gauni lile, nikakiweka kwenye pengo la zamani. Kiliingia, uzi kwa uzi: gauni lililotoka darini lilikuwa la Rhonda.

Majuzi Lorna alikuja kukiomba. Nilimkatalia. Kipande hicho aliwahi kupewa mara moja, na tuliona alichokifanya nacho. Nimekifungia ndani ya kopo la vifungo, kwenye chumba kisichopashwa joto. Kila nikilifungua kopo, vifungo vyote ni baridi. Kile kipande kina joto, na ni chepechepe kidogo, kama kitu kilichobanwa kiganjani muda mrefu na mtu mwenye hofu.