Seti Moja ya Shuka

Kitu cha kwanza alichokiona msichana alipofungua mlango ni kiatu. Mama yake alikuwa amelala huku amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo ukiegemea ukuta, mguu mmoja mtupu na mwingine bado una kiatu. Usingizi ulikuwa umemkamata kabla hajamaliza kuvua.

Nyumbani na mtaani msichana huyo walimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakupita mahali mikono mitupu. Aliweka mkoba chini, akamvua mama kiatu cha pili polepole, akachukua ndoo akaenda bombani. Ndivyo zilivyokuwa siku zake zote za darasa la sita: shule, maji, jiko, vyombo, kisha madaftari kama macho bado yanakubali kufunguka.

"Umerudi, mwanangu?" mama aliuliza moshi ulipomwamsha. "Leo tumekunja seti sitini. Mikono hii si yangu tena."

Mama alifua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni. Kila jioni alirudi na habari hiyo hiyo: seti hamsini, seti sitini. Sisimizi aliitikia, "Pole, mama," huku akipuliza moto, wala hakusikia alichokiitikia.

Wiki ile mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno moja lenye herufi tatu: set.

"Mnaliona dogo," alisema, akipangusa chaki mikononi. "Lakini lina kazi nyingi kuliko mimi na nyinyi tukijumlishwa. Jua likizama, Waingereza hulitumia. Ukiandaa meza, ni hilo hilo. Zege likiganda, ni hilo hilo. Sisi nasi tumelichukua, tukaliita seti. Sasa nendeni kwa watu watano walio kazini. Waulizeni wao wanalitumiaje. Andikeni walichowaambia na siku waliyowaambia. Sitaki ya kitabuni!"

Kazi bora ingesomwa siku ya wazazi, na aliyeiandika angekaa na kamusi kubwa ya shule likizo nzima. Sisimizi aliitazama kamusi ile juu ya meza ya mwalimu, nene kama tofali. Kwao, kitu pekee cha kusoma kilikuwa kalenda ya mwaka juzi.

Taabu yake ilikuwa moja. Mbele ya watu, ulimi wake ulikuwa mzito kama ndoo iliyojaa. Jumanne alisimama mlangoni kwa msusi mpaka msusi mwenyewe akamwona.

"Karibu, mrembo! Unasuka au unashangaa?"

Wateja wakaangua kicheko.

"Napita tu," alisema Sisimizi, akatoka mbio.

Jumatano alirudi amechoka, akaahirisha. Alhamisi aliazima kamusi ndogo ya binti wa jirani, akaketi nyuma ya nyumba, akawatunga watu wake watano. Msusi alimweleza habari za kuseti nywele, mwashi habari za zege. Mhudumu wa meza na mchezaji wa mpira wa wavu nao walizungumza vizuri sana. Mwisho akamwandika fundi saa, ambaye zamani alikuwa akikipita kibanda chake: "Aliniambia Jumanne, huku akicheka, kwamba kabla ya kuseti saa huiweka sikioni kama daktari." Sentensi hiyo ilimpendeza hata yeye mwenyewe.

Jumatatu mwalimu aliisoma kazi hiyo mbele ya darasa zima.

"Hii ndiyo itakayosomwa siku ya wazazi," alisema. "Mpigieni makofi."

Darasa lilipiga makofi isipokuwa mtu mmoja. Huyo ni mjukuu wa fundi saa, msichana waliyemwita Kasuku kwa sababu hata akinywa maji huongea. Siku hiyo alikaa kimya, akamtazama Sisimizi mpaka kengele ya mapumziko ikalia.

"Babu alikuambia wapi?" Kasuku alimwuliza walipofika uwanjani.

"Kibandani kwake."

"Kibanda kimefungwa tangu mwezi uliopita. Babu hatoki kitandani, mkono wake wa kulia hauinuki. Mwalimu aliposoma, moyo wangu uliruka. Nilifikiri labda alipata nafuu, akaamka tukiwa shuleni, akaenda kibandani na kucheka. Kisha nikakumbuka kwamba hata kijiko tunamshikia sisi."

Sisimizi alitazama chini.

"Sitakusema," aliendelea Kasuku. "Lakini mama yangu atakuwepo siku ya wazazi. Usimsomee vile. Moyo utamruka kama ulivyoniruka mimi."

Masomo yote yaliyofuata yalipita juu ya kichwa cha Sisimizi. Angenyamaza, kamusi ingekuwa yake. Angesema, angeikosa, tena mbele ya mwalimu aliyemsifu. Saa ya kutoka ilipofika, alikwenda ofisini. Mwalimu alikuwa amevua viatu chini ya meza, mbele yake rundo la madaftari lisilopungua.

"Mwalimu," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "wale watu sikuwauliza. Hata mmoja."

Mwalimu aliweka kalamu chini, akafikicha macho.

"Hata fundi saa?"

"Hata yeye. Anaumwa."

"Basi kazi hiyo haisomwi," alisema mwalimu. "Na kamusi ataichukua mwingine. Lakini kazi bado unanidai... hapana, mimi ndiye ninayekudai. Uchovu huu! Niletee Alhamisi, watu watano wa kweli."

"Nikiwaogopa?"

"Waogope, lakini waulize. Huwezi kungoja woga uishe ndipo uanze."

Jioni hiyo hiyo Kasuku alimpeleka kwao. Fundi saa alikuwa amelala chali, mkono wa kulia juu ya mto kama kitu alichowekewa na mtu mwingine.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu amenisimulia. Ndiwe niliyezungumza nawe Jumanne?"

Sisimizi alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, babu. Nilitunga."

"Nilisema maneno mazuri?"

"Mazuri, babu."

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Basi leo andika ya kweli, hayana urembo. Saa haisetiwi kwa kukisia. Watu huniambia, 'Weka tu, itakuwa kama saa nne hivi.' Nawaambia ngojeni. Natoka nje, namwuliza mwenye saa iliyo sawa. Fundi saa mzima, miaka arobaini nauliza watu ni saa ngapi! Wananicheka, na saa zangu zinakwenda."

Sisimizi aliandika yote. Kesho yake alirudi kwa msusi, akachekwa tena, lakini safari hii hakukimbia. Mwashi alimjibu bila kushuka ngazini. Mwenye duka la vyombo alimwonyesha seti ya vikombe iliyokosa kimoja, ambayo hakuna aliyetaka kuinunua. Ilipofika Jumatano jioni alikuwa na watu wanne, miguu inawaka moto, na hakujua wa tano atamtoa wapi.

Mama aliingia, akajitupa kitandani. "Leo seti hamsini na nane," alisema.

Kwa mara ya kwanza, Sisimizi alisikia. Akachukua daftari, akakaa karibu na miguu ya mama.

"Mama, seti moja ni nini?"

Mama alifumbua macho. "Shuka mbili, foronya mbili, taulo mbili. Foronya moja ikiwa na doa, hukunji nyingine ukajifanya huoni. Zote zinangoja mpaka ile ifuliwe tena. Mgeni hajui, lakini sisi tunajua." Akainuka kidogo. "Unaandika? Unaniandika mimi?"

Siku ya wazazi ilisomwa kazi ya Kasuku, na kamusi ikaenda naye. Kazi ya Sisimizi ilibandikwa ukutani pamoja na nyingine. Mwalimu alisimama mbele ya karatasi yake, akamwambia, "Ile ya kwanza ilikuwa na maneno mazuri, lakini ndani hamkuwa na mtu. Hii ina watu. Aliyedanganya hupata jibu mapema, lakini hajajifunza kitu. Umechelewa, mwanangu, ila umefika."

Mama alikuja akitoka kazini, akaisoma karatasi hiyo polepole, kidole kikifuata mistari. Walipofika nyumbani aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja, akatulia.

"Wanne mbele yangu," alisema, akitabasamu kwa uchovu. "Mwashi wa mtaa wa pili umemfikia kabla yangu. Mimi nalala hapa hapa. Kwa nini nikawa wa mwisho?"

Sisimizi alipiga magoti, akamvua kiatu cha pili, akakishika mikononi.

"Kwa sababu hukumaliza shule, mama," alisema. "Nilidhani huna neno la kunipa."