Kanga Iliyofuliwa

Saa nne asubuhi Queen aligeuza uso kutoka kwenye titi la mama yake, akaelekea kiti kitupu kilichokuwa dirishani. Alikuwa na wiki saba. Alifungua kinywa, pua ikitafuta.

Dakta Teodora alimrudisha kifuani. Mtoto akalia kama ameshikwa na mgeni.

Teodora alijua maana yake. Alirudi Mwanza mwaka 1993 kutoka masomoni, na kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi ubongo unavyopokea harufu. Aliwafundisha wakunga kwamba mtoto mchanga humjua mama yake kwa pua, na kwa pua hulifikia titi.

"Ana mafua tu," alisema Venant, mumewe. "Nyie wasomi mkikosa ugonjwa mnautunga."

"Hana mafua. Hanijui."

Kesho yake Queen hakunyonya kabisa, wala kijiko hakukitaka. Nyumba yao ya mtaa wa Pasiansi ilianza kunuka tope la matete na, chini yake, jasho la mwanamke anayenyonyesha. Halikuwa jasho la Teodora. Lakini aliitambua harufu ile, maana aliwahi kuitoa kwenye kitambaa kwa spiriti na kuitia kwenye chupa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kanga ya Tereza wa Sengerema, aliyezama ziwani mtumbwi ulipopinduka, mwili usipatikane. Aliacha mtoto wa miezi mitatu. Bibi wa mtoto, Kija, alimfunga kwenye kanga hiyo bila kuifua. Pasipo kanga, mtoto hakukubali kikombe cha maziwa. Teodora aliiazima kwa siku mbili za utafiti. Alipomaliza, kwa kuwa kumrudishia mtu nguo chafu ni aibu, aliifua. Yeye, mtaalamu wa harufu, hakufikiri. Malezi mema yalitangulia elimu. Alitumia sabuni ya unga yenye manukato, zile za nje zilizojaa dukani kwa Hiren tangu serikali iliporuhusu biashara huria. Akaipiga pasi, akaituma kwa watu waliokuwa wanavuka kwenda Sengerema kwa kivuko cha Kigongo. Hakuuliza tena habari zake.

Siku ya tatu Teodora alimweleza Venant habari ya kanga; naye alivuka kwenda Sengerema, akarudi na Kija na mganga aitwaye Ngosha.

"Shikamoo mama," alisema Teodora.

Kija hakuitikia. "Mjukuu wangu alikataa kikombe. Nilimfunga kwenye kanga yako inayonuka maua, akawa anaigeuzia uso. Tumemzika kando ya mihogo."

Teodora alipiga magoti. "Mama, sikujua."

"Ulijua. Si ndiyo kazi yako, Daktari?"

Ngosha alichoma majani kwenye kigae, na moshi ulitambaa sakafuni hadi kwenye kiti cha dirishani, ukapanda, ukagawanyika mara mbili kama maji yanavyopita pembeni mwa jiwe, ukaacha katikati nafasi yenye mabega na kichwa kilichoinama, na chini ya kichwa hicho mikono miwili iliyopakata hewa, na Queen, ambaye alikuwa hajatulia tangu alfajiri, akanyamaza.

"Mtoe," Venant alinong'ona. "Sema anachotaka, nitakileta leo hii."

"Jini wa kupungwa huomba kitu," Ngosha alijibu kwa sauti ya chini. "Huyu haombi. Amekuja kulipiza."

Kija alikisogelea kiti. "Tereza, twende nyumbani, mwanangu."

Kiti kilitoa mlio wa mbao, kama mtu anapokaa vizuri zaidi. Kija alijifunika uso kwa upande wa kanga yake, akatoka bila kuaga. Ngosha alikusanya majani yake, akamfuata.

Siku ya sita Teodora alikwenda kliniki peke yake na mtoto. Maziwa yake yalikuwa yamekauka. Alijua mtoto asiyenyonya siku tano huwa anaonekanaje, na hakuelewa kwa nini wake hakuonekana hivyo.

Nesi alimtundika Queen kwenye mizani, akasoma mara mbili.

"Nusu kilo kwa wiki! Hongera, mama Queen. Unanyonyesha vizuri."

Akamrudishia Teodora mtoto. Queen alimnusa shingoni mara moja, akapiga yowe, akajipinda kuelekea nyuma. Kwenye kona ya mdomo wake lilikuwepo tone la maziwa.

Nesi alitazama juu ya bega la Teodora.

"Si umpe tu huyo dada yako," alisema. "Mtoto anamlilia yeye."