Herufi Juu ya Maneno

Tangu mama yake apate kiharusi, mshonaji alikuwa akifunga cherehani mapema ili arudi nyumbani kumwimbia. Mtaalamu wa hospitali alimweleza kwamba mgonjwa aliyepoteza maneno huenda akaimba kabla ya kusema. Basi alifungua kitabu cha nyimbo, akawasha kinanda cha marehemu baba yake. Kila alipoona herufi juu ya maneno, C, F au G, alibonyeza noti hiyo moja. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. Mama aligeukia ukutani.

Jirani yao, mwalimu wa kwaya, alisikiliza mpaka uvumilivu ukamwishia. Akapiga hodi.

"Mwanangu, hizo si noti moja moja. Ni kodi."

"Kodi ya nyumba, mwalimu?"

Mwalimu alicheka, akavuta kiti. Akaeleza kwamba kodi ya muziki ni noti zinazolia pamoja, na ile ya msingi ina tatu. Herufi inakutajia noti ya kuanzia tu. Kwa C, unabonyeza C, unaruka kibonyezo cheupe kimoja, unabonyeza E, unaruka tena, unabonyeza G. F na G nazo ni hivyo hivyo.

Mshonaji akabonyeza zote tatu kwa pamoja. Chumba kikajaa. Akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Kisha mwalimu akamwambia aishushe noti ya katikati peke yake, hadi kibonyezo cheusi cha jirani. Sauti ikaingia huzuni.

"Kimesogea kidole kimoja tu," mshonaji alinong'ona.

"Hiyo ni Cm. Herufi kubwa peke yake ni meja. Ukiona m ndogo mbele yake, ni maina, ile yenye huzuni. Usiidharau hiyo m."

Alifanya mazoezi mpaka vidole vikazoea. Jioni moja akaanza wimbo, na mama akageuka taratibu. Midomo ikacheza. Sauti ikatoka, ya kukwaruza, lakini maneno yalikuwemo, moja baada ya jingine. Mshonaji hakuthubutu hata kumtazama. Akaisahau ile m ndogo, na palipoandikwa Fm akapiga F.

Wimbo ukakatika.

"Siyo hiyo," mama akasema.

Hakuimba. Alisema. Machozi yakamtiririka mshonaji. Kisha akashusha kidole cha katikati kwenye kibonyezo cheusi. Mama akaitikia kwa kichwa, wakaendelea.