Usiguse Mchanga

Mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga mjini, haumsubiri mtu. Asubuhi ile Mboni alikuwa amejifunga kanga ya njano juu ya baibui ili maji ya samaki yasimrukie, na alishapata fungu zuri la changu. Akadai nyongeza. Muuzaji akamtupia juu ya fungu kisamaki kilichotoka kwenye dema, ule mtego wa kusukwa, urefu wa kidole, cha kijani, chenye mistari ya waridi usoni. Kilikuwa bado kinapumua.

"Dada, samahani, hicho usikiweke kwenye kikapu."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye shati la bluu lililonyooshwa vizuri na ndoo ya maji mkononi.

"Kwa nini nisikiweke? Ni changu."

"Si changu. Changu ni hao wengine. Huyo ni wa jamii ya pono."

Mboni alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Ndipo akacheka mpaka muuzaji naye akacheka.

"Haya, mchukue. Unamla vipi huyo, na mifupa yote hiyo?"

"Simli. Namfuga."

"Unafuga samaki? Mjini Tanga? Kuku wamekwisha?"

Kijana alishamtia samaki ndooni. Alijitambulisha: Yasini, fundi wa mafriji, anakaa Chumbageni. Mboni alimwambia yeye ni fundi cherehani, Barabara ya Tisa, Ngamiani. Kisha akamwomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Nije kumwona mwanangu."

Alikwenda Jumapili iliyofuata, amevaa dera la zambarau na ushungi wa rangi hiyo hiyo. Bi Tausi, mwenye nyumba, alikaa barazani na kuagiza mlango wa chumba uachwe wazi. Tangi la kioo lilichukua ukuta mzima: mawe, matumbawe mawili yaliyofunguka kama maua, mchanga mweupe wa kina cha shibiri, na samaki watano wa rangi ambazo Mboni aliwahi kuziona kwenye vitambaa tu. Juu yake palitandazwa wavu.

"Wavu wa nini? Wezi?"

"Wanaruka. Wakishtuka tu wanaruka, unawakuta sakafuni wamekauka."

"Na mwanangu yuko wapi?"

"Kwenye kile kikapu cha plastiki humo ndani. Siku nne. Wenyeji wamwone kwanza bila kumfikia. Ukimwachia siku ya kwanza, wanampiga."

"Kama mke mdogo."

"Dume ni mmoja tu, yule mwenye mkia mwekundu," alisema Yasini, ambaye mzaha ulimpita. "Madume wawili wa aina hiyo hawakai tangi moja. Akifa, jike mkubwa kuliko wote anageuka kuwa dume."

"Anageuka?"

"Kwa wiki chache."

"Bi Tausi!" Mboni aliita kuelekea barazani. "Umesikia? Huku tukifiwa tunarithi na ndevu!"

Bi Tausi alicheka. Yasini naye, baada ya kuifikiria, alicheka. Jioni ilipokaribia, samaki mmoja mmoja walipiga mbizi na kuzama mchangani, na tangi likabaki tupu.

"Wamelala," alisema Yasini. "Kesho asubuhi wanatoka."

Miezi saba ilipita hivyo. Yasini hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimletea mafuta ya cherehani kabla ya yale ya zamani kwisha. Mboni ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili.

"Fundi wangu, umenikumbuka leo?" aliuliza kwenye simu.

"Nimekupigia saa nne."

"Sikuuliza saa, mpenzi. Nimeuliza kama umenikumbuka."

"Ndiyo maana nilipiga."

"Haya, nimeelewa. Umenikumbuka saa nne."

Mwezi wa nane ikaja barua ya posa kwa Baba Mkubwa Mwinyijuma, aliyemlea Mboni tangu baba yake afariki. Aliyeileta ni Uweso, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Pangani, mtu mpole ambaye hakuna aliyemjua kwa ubaya. Mboni alikwenda Chumbageni siku hiyo hiyo.

"Barua ya mwenzio iko mezani kwa baba. Yako iko wapi?"

"Nina kazi Kigombe, Mboni. Wanajenga chumba cha barafu cha kuhifadhi pweza. Wiki mbili. Nikirudi Jumapili, Jumatatu wazee wangu wanakwenda na barua."

"Leo haiwezekani?"

"Wazee wako Muheza, na kazi nimeshaiahidi. Baba Mkubwa amesema atakuuliza wewe kwanza?"

"Hawezi kujibu bila kuniuliza."

"Basi ukiulizwa, sema hapana."

Ilikuwa hoja sahihi. Yasini alimpa ufunguo wa chumba na karatasi ya maelekezo: chakula mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, wavu urudishwe kila mara, umeme ukikatika, washa pampu ya betri. Mstari wa mwisho ulisema: Usiguse mchanga.

"Kwa nini nisiguse?"

"Usiguse tu."

Jumatatu ya kwanza, Yasini akiwa Kigombe, umeme ulikatika mchana kutwa. Mboni aliwasha pampu ya betri kama alivyoelekezwa. Kesho yake samaki watano walitoka mchangani. Wa sita, yule wa Deep Sea, hakutoka. Hakutoka Jumanne wala Jumatano. Mboni alijua jambo moja ambalo kila mtu aliyekulia pwani analijua: samaki aliyekufa akiachwa majini, maji yanaharibika. Alipiga simu. Yasini alikuwa ndani ya chumba cha barafu, nyuma ya kuta nene zisizopitisha mawimbi ya simu. Akapiga tena. Hakupatikana.

Akakunja mkono wa baibui, akatia mkono tangini, akachokora mchanga.

Juu ulikuwa mweupe. Chini ulikuwa mweusi. Mapovu yalipanda, chumba kikanuka yai viza, na katika mapovu hayo yule samaki wa kijani alichomoka mzima, akazunguka tangi mara mbili kwa kasi. Alikuwa hai siku zote hizo. Kufikia alasiri walikuwa wamekufa wote sita.

Yasini aliona namba yake jioni, akapiga. Mboni aliitazama simu mpaka ikanyamaza. Alhamisi akapiga mara mbili. Mboni alikuwa akipanga maneno ya kumwambia, na kila alipoyapanga aliyaona hayatoshi.

Ijumaa, baada ya sala, Baba Mkubwa alimwita ukumbini. Shangazi zake wawili walikuwepo.

"Mboni, mwanangu. Uweso wa Pangani amekuposa. Mimi nimemridhia. Wewe unasemaje?"

Macho ya Mboni yalikuwa yamevimba kwa kulia siku mbili. Alifungua mdomo, na kilichomjia ni chumba cha Chumbageni na harufu ile. Mtu aliyewaua kwa mkono wake samaki ambao Yasini amewafuga miaka mitatu atamwambiaje aharakishe barua? Hakusema kitu.

"Nakuuliza mara ya pili, mama. Unamridhia?"

Hakusema kitu.

"Alhamdulillahi," alisema Baba Mkubwa, na shangazi mmoja akapiga kigelegele. Kwa desturi yao, mwari akiulizwa na akanyamaza, amekubali. Machozi yake huhesabiwa kuwa haya. Nikaha ikapangwa Ijumaa ya pili yake.

Mboni alikuwa na siku saba za kusema hapana. Alijiambia kwamba Yasini akitokea tu mlangoni, atasema. Lakini Jumapili Zabron, fundi umeme wa pale Kigombe aliyekuwa amekwenda mjini, alirudi na habari.

"We Yasini, yule mshonaji wako si ameposwa? Nimesikia ameulizwa na amekubali. Ndoa Ijumaa."

"Nani kakwambia?"

"Ngamiani nzima inajua. Pole, ndugu yangu."

Yasini alipima alichokuwa nacho. Simu tatu hazikupokelewa. Mwanamke ameulizwa, amekubali. Hakuona la kuongeza. Alimaliza chumba cha barafu, akakipima joto kwa siku mbili, akarudi Tanga Jumamosi, siku moja baada ya nikaha.

Tangi lilikuwa limeoshwa na kukauka. Jumapili asubuhi Mboni alikuja kurudisha ufunguo. Hina ilikuwa imemfika viwikoni, baibui jipya, marashi ya maharusi. Bi Tausi alihamishia kigoda chake karibu na mlango, akaangalia ng'ambo ya barabara, ambako gari jeupe lilikuwa limeegeshwa.

"Anajua umekuja hapa?" Yasini aliuliza.

"Nimemwambia narudisha ufunguo wa watu. Anasubiri. Tunakwenda Pangani."

"Walikufa wote sita?"

Mboni alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Hata leo unauliza idadi. Wote sita. Nilidhani yule mmoja amekufa, nikasema atawaulia wenzake maji. Nikachokora."

"Akishtuka anaweza kukaa chini hata wiki. Hewa mbaya iko chini kule, ndiyo iliyowaua. Niliandika usiguse."

"Uliandika usiguse, Yasini. Hukuandika kwa nini."

Yasini aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

"Ungenipigia," alisema.

"Nilikupigia. Halafu ukapiga wewe, nikaogopa. Ungekasirika."

"Ningekasirika siku moja. Mbili kwa wingi."

"Siku mbili," Mboni alirudia polepole. "Na mimi nikasubiri uje. Wiki nzima. Kigombe ni mwendo wa saa moja."

"Niliambiwa umekubali. Ulisema nini ulipoulizwa?"

"Sikusema kitu."

"Basi hukukubali."

"Kwetu, mpenzi," alisema Mboni, na neno lile liliwashtua wote wawili, "hapo ndipo nilipokubali."

Honi ililia mara moja, kwa adabu.

"Barua uliiandika?" aliuliza haraka.

"Niliiandika Kigombe, wiki ya kwanza. Ilibaki tarehe."

"Ungeweka tarehe gani?"

"Kesho."

Mboni aliuweka ufunguo juu ya tangi, akautengeneza ushungi. "Bi Tausi, shikamoo, kwaheri."

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama."

Alivuka barabara bila kugeuka. Mwanamume aliyekuwa kwenye usukani alishuka kumfungulia mlango. Alikuwa, kama watu walivyosema, mpole.

Gari lilikuwa bado halijakata kona simu ya Yasini ilipolia. Alikuwa mama mmoja wa Makorora.

"Fundi, friji langu halipoi tangu jana, na nina nyama ya shughuli."

"Injini inalia au imenyamaza?"

"Inalia. Fundi, sauti yako vipi? Una mafua?"

Yasini alikohoa kusafisha koo.

"Ndiyo, mama," alisema. "Mafua."