Drili Kubwa na Mkono wa Dobi

Kriii. Alfajiri mbichi, mlango wa kabati la jikoni ulifunguka wenyewe, bawaba moja ikining'inia. Dobi wa hospitali akaamka peke yake, kama alivyoamka kwa wiki sita sasa, akaenda kuusukuma. Ukarudi vilevile. Akachukua bisibisi ya mkono, akazungusha mara mbili, kiganja cha kulia kikamwuma hadi akaketi sakafuni. Miaka kumi na miwili ya kukamua mashuka ilikuwa imekula mkono ule.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amehamia kwa kaka yake. Ugomvi ulianzia ukutani. Mume alinunua drili kubwa ya kutoboa zege ili atundike rafu moja tu.

"Hapo pana bomba," mke alimwambia.

"Nyamaza, mama. Mimi najua."

Akatoboa. Maji yakaruka mpaka darini. Maji mke aliyasamehe siku ileile, ila lile "nyamaza" lilimkaa kooni. Akamwambia aondoke.

Njiani kwenda kazini alikutana na shemeji yake, kaka wa mume, akamsimulia habari ya kabati. Saa nne, akiwa kazini, meseji ya mumewe ikaingia: "Shemeji yako kaniambia kabati limekusumbua. Niko duka la vifaa. Naweza kukuuliza kitu?"

Aliitazama muda mrefu. Tangu waoane mwanamume huyu hajawahi kumuuliza hata rangi ya pazia. Akapiga.

"Uliza."

"Kuna drili ya zege. Kuna drili ndogo ya betri. Halafu kuna bisibisi ya betri, nyepesi, ina pete ya kupunguza nguvu ili skrubu isile mbao. Unataka ipi?"

"Wewe je, unaipenda ipi?"

"Ninayoipenda mimi ilishatuogesha."

Akauma ncha ya kitambaa chake asicheke.

"Nyepesi kiasi gani?"

"Subiri. Mama muuzaji, hebu ishike tena."

Sauti ya muuza duka ikadakia, "Mara ya nne hii! Dada, njoo umchukue mtu wako. Eti mkono wangu unalingana na wako!"

Dobi akakitazama kiganja chake.

"Na mkono wangu umeujulia wapi?"

"Unauma wa kulia. Ukimimina chai unashika birika kwa mikono miwili. Nilikuwa naona, ila sikuwa nasema."

"Chukua hiyo nyepesi," akasema.

Jioni mume alibisha hodi. Nyumbani kwake mwenyewe, alibisha hodi, akangoja mpaka akaribishwe.

"Bomba limepita wapi?"

"Hilo ni kabati, baba. Halina bomba."

"Nauliza tu."

Akaushikilia mlango wa kabati kwa mabega, akampa mkewe ile bisibisi.

"Anza wewe."

Akabonyeza. Skrubu ikazama taratibu, ilipokaza, mashine ikajizuia yenyewe. Mkono haukuuma. Akaegemeza paji la uso kwenye mbao, akapumua.

"Nilikudharau," mume akasema. "Uliniambia pana bomba."

"Nilikwambia mara mbili."

"Mara tatu. Ya tatu nilikuwa nimeshawasha, nikajifanya sijasikia."

Kwamba ile ya tatu aliisikia, mke hakujua. Akamtazama: macho mekundu ya safari, shati halijapigwa pasi.

"Nimechoka kupaza sauti ndani ya nyumba yangu ndipo nisikike."

"Najua. Sina cha kujitetea."

Mume akafagia unga wa mbao, akafuta hata pale ambapo haukuanguka. Bisibisi akaiacha mezani upande wa mkewe. Hakuomba kulala. Hakuuliza lini atarudishwa. Akainama mlangoni kuvaa viatu, polepole, kama mzee.

"Umekula?" dobi akamuuliza.

"Nitakula kwa kaka."

Akashuka ngazi ya kwanza, ya pili.

"Kesho upite tena."

Akageuka. "Kuna kingine kimelegea?"

"Hakuna. Njoo tu."