Mkono wa Saba

"Atoke. Mimi nasema atoke."

"Halafu namba kumi atacheza nani? Wewe?"

"Mtu yeyote. Hata ukiweka kiti pale katikati, kiti hakipotezi mpira kama yeye."

"Eish, Arnaud. Kiti?"

"Ndiyo, kiti. Tumepigwa mechi tatu. Ya kwanza pasi yake ikaenda kwa wale wengine, goli. Ya pili vilevile. Ya tatu nisiseme. Na mazoezini anachelewaka kila siku. Saa kumi imefika sasa hivi, yeye iko wapi?"

Watoto kumi na watatu wa timu ya Tumaini walikuwa wamekaa kwenye nyasi za Albert Park, Durban, mabegi ya shule yamelundikwa nyuma ya goli, kama kila Jumanne na kila Alhamisi. Arnaud, mshambuliaji wao, Mrundi mwenye mdomo usiopumzika, ndiye aliyekuwa anawaka. Aliyekuwa anambishia ni Israël, kipa. Na mtu waliyekuwa wanamgombania hakuwepo. Jina lake Elysée. Miaka kumi na mitatu, jezi namba kumi.

Tuseme ukweli, Tumaini bila Elysée ilikuwa kundi la watoto wanaokimbia tu. Yeye ndiye aliyepanga mchezo. Alifika Durban akiwa na miaka minne, kwa hiyo lugha zote zilikuwa mdomoni mwake: Kiswahili cha nyumbani, Kizulu cha barabarani, Kiingereza cha shule, na Kirundi alichokiokota kwa majirani. Akiwa na mpira, anamwambia beki Mlungisi kwa Kizulu arudi nyuma, hapohapo anamwita Arnaud kwa Kirundi akimbie, halafu anakugeukia wewe kwa Kiswahili: "Kaa hapo, inakuja." Na inakuja kweli. Lakini mwaka ule wa 2011, tangu mwezi wa tatu, alianza kuchelewa. Anafika mazoezi yanakaribia kuisha. Mipango mipya haijui, pasi zake zinapotea.

Vénérand, winga wa kushoto, alikuwa anang'oa nyasi moja moja. Yeye alijua Elysée yuko wapi. Alikuwa kliniki. Na aliyekuwa naye huko ni mama yake Vénérand.

Ilianza hivi. Mama Vénérand alikuwa anakohoa usiku na mchana, anakonda, shuka linalowa jasho. Akaenda kliniki peke yake. Nesi akamweleza mambo kwa Kiingereza, akarudia kwa Kizulu, na Mama Vénérand, ambaye hata mwaka hajamaliza tangu atoke Bukavu, akaitikia kila neno: yes, yes, sister. Aliona ni utovu wa heshima kumwambia nesi aliyechoka kwamba haelewi. Akarudi nyumbani na pakiti ya vidonge, akameza siku tatu, kikohozi kikapungua kidogo, akaacha. Akadhani ni dawa ya kikohozi. Wiki mbili baadaye alikuwa hawezi kupanda ngazi.

Ndipo mama yake Elysée, anayesali naye kanisa moja, akasema, "Nitakupa mtoto wangu, aende akusikilizie." Elysée akaenda, akasikiliza, akamgeukia Mama Vénérand.

"Mama, ni TB. Dawa ni miezi sita. Usiruke hata siku moja. Na wanataka tuje kila Jumanne na Alhamisi wakupime uzito, wakupe dawa."

Kliniki ilifungwa saa kumi. Mazoezi yalianza saa tisa na nusu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeiona.

Mama Vénérand akawafunga midomo watoto wote wawili. Waliishi familia tatu ndani ya flati moja, pazia tu katikati. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele pale sokoni Warwick, wateja wamekaa katikati ya magoti yake, pumzi kwa pumzi. Neno TB likitoka, wateja wamekimbia na vitanda viko nje. Vénérand mwenyewe asingeweza kumpeleka mama yake. Kiingereza chake kilikuwa bado kinajikwaa. Kwa hiyo akawa anakwenda mazoezini kwa wakati, na Elysée anakwenda kliniki.

Alhamisi hiyo, saa kumi na nusu, Elysée akatokea pale kwenye robot, taa za barabarani, akavuka barabara mbio, begi linampiga mgongoni. Kocha wao, Tonton Juvénal, yaani mjomba kwa Kifaransa, alikuwa amesimama katikati ya uwanja na sare yake ya ulinzi. Alikuwa mlinzi wa kiwanda Pinetown, na kanisani ni shemasi.

"Elysée, unatoka wapi?"

"Nilikuwa na kazi, tonton."

"Kazi gani?"

"Kazi tu."

"Kazi gani, mwanangu? Nisaidie nikusaidie. Wenzako wamechoka."

Elysée akatazama viatu vyake. Hakumtazama Vénérand hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Vénérand zaidi, kwa sababu mtu mwingine angetazama.

"Siwezi kusema, tonton."

"Mmesikia?" Arnaud akasema. "Masta ana siri. Labda iko na timu ingine."

Tonton Juvénal akashusha pumzi. Kwenye Tumaini mambo makubwa yaliamuliwa kama kanisani: kichwa chini, macho yamefungwa, mtu anainua mkono, na wanaouona ni Mungu na kocha tu. Ilikuwa ili mtu asiogope rafiki yake. Akamwambia Elysée asimame pembeni.

"Fungeni macho. Anayetaka Elysée avue kumi, avae mwingine, ainue mkono."

Gizani mwa macho yake Vénérand aliona mambo mawili. Aliona mama yake ameshikilia pazia, anasema usimwambie mtu. Na aliona jezi namba kumi mgongoni mwake mwenyewe, maana kila mtu alijua Elysée akitoka, anayefuata kwa miguu mizuri ni yeye. Angeweza kusema neno moja tu: tonton, mimi najua anakokwenda, na si kubaya. Neno hilo halikutaja ugonjwa wa mtu. Lakini alinyamaza. Halafu mkono wake ukapanda. Tusimsingizie shetani, aliupandisha mwenyewe.

"Saba," kocha akasema. "Saba kwa sita. Fungueni macho."

Vénérand alipofungua, Elysée alikuwa anamtazama. Hakuwa amefunga macho, pale pembeni hakuna aliyemwambia afunge. Alikuwa ameiona mikono yote saba. Akavua jezi taratibu, akaikunja kama watu wanavyokunja nguo ya kwenda kanisani, akamkabidhi kocha.

Jumamosi wakaenda kucheza Pinetown. Vénérand akavaa kumi. Dakika ya nane akataka Mlungisi arudi, akamwita kwa Kiswahili, Mlungisi akasimama akimshangaa. Goli. Dakika ya ishirini akamrushia Arnaud mpira mbele, Arnaud yeye ameshaanza kurudi. Mpira ukaenda nje peke yake kama mbuzi asiye na mwenyewe. Arnaud akamfokea kwa Kirundi, Vénérand akajibu kwa Kiswahili, Mlungisi akawafokea wote wawili kwa Kizulu. Wakafungwa la pili wakiwa bado wanafokeana.

Elysée alikuwa amekaa na wachezaji wa akiba, jezi namba kumi na sita. Mara mbili alisimama mdomo wazi ili aite, kisha akakumbuka, akakaa. Mpira ulipoisha, nne bila, hakuna aliyemcheka mwenzake. Walipanda taxi ya kurudi mjini kimya kama watu wanaotoka kuzika.

Jumanne jioni, Mama Vénérand alikuwa anamenya viazi nyuma ya pazia lao.

"Huyu Elysée ni mtoto mzuri," akasema. "Leo tumemaliza kliniki, nikamwambia kimbia, papa, utachelewa mpira. Akaniambia, mama, tutembee polepole, siku hizi sina haraka. Juu ya nini hana haraka?"

Vénérand akaokota ganda la kiazi lililoanguka.

"Vénérand, minakuuliza."

"Walimtoa namba kumi."

"Nani walimtoa?"

"Timu."

"Na wewe si timu?"

Hapo Vénérand akashindwa kuendelea kuwa mwanaume. Akalia. Akaeleza yote, kocha alivyouliza, Elysée alivyokataa kusema, macho kufungwa, mikono saba. Akasema mmoja ulikuwa wake. Akasema wangekuwa sita tu, Elysée angebaki.

Mama yake akaweka kisu chini. Hakumpiga. Aliongea akitazama yale maganda, kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikwambia ufiche ugonjwa wangu. Sikukwambia umfiche yule mtoto. Sikukwambia uvae nguo yake."

"Nisamehe, mama."

"Mimi pia nina kosa. Nimemweka mtoto wa watu abebe aibu yangu, na aibu yenyewe si kitu, ni ugonjwa unaopona." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Alhamisi tunakwenda wote huko uwanjani. Mimi nitasema yangu. Wewe utasema yako."

"Na wateja wako, mama?"

"Atakayekimbia, akimbie."

Alhamisi saa kumi na robo wakavuka pale kwenye robot, Mama Vénérand katikati, mwana kushoto, Elysée kulia na kadi ya kliniki mkononi. Elysée hakuwa ameambiwa kitu. Alidhani mama anakwenda kumsalimia kocha.

Watoto wakasimama kwa heshima. Mama Vénérand hakuzunguka.

"Miye nina TB. Nameza dawa, huu ni mwezi wa tatu sasa. Sijui Kiingereza, sijui Kizulu. Huyu Elysée anasemaka kwa ajili yangu kliniki, kila Jumanne, kila Alhamisi. Nilimwambia asiseme, hakusema. Ndiyo kazi yake ile mliyomuuliza."

Arnaud akainamisha kichwa. Mtoto mmoja akarudi nyuma hatua moja na kufunika pua. Tonton Juvénal akamwona.

"Shusha mkono. Mtu akimeza dawa zake sawasawa, baada ya wiki chache haambukizi tena. Anayeambukiza ni yule anayekohoa na kujificha." Akamgeukia Mama Vénérand. "Asante, mama. Umetufundisha."

Ikawa zamu ya Vénérand.

"Mimi nilijua," akasema. "Siku ile mimi nilijua kila kitu. Nikanyamaza. Nikainua mkono. Nilitaka hii jezi." Akaivua, akabaki kifua wazi mbele ya mama yake na wenzake wote.

Taxi zilikuwa zinapiga honi huko barabarani. Israël peke yake ndiye aliyesema kitu, tena kwa sauti ya chini: "Eish, Vé."

Tonton Juvénal akavua kofia yake ya kazi.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Mimi nilihesabu mikono, sikufuata miguu ya mtoto nijue inaenda wapi. Ninyi mlitaka kujua kama anafaa abaki au atoke, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza anabeba nini. Hilo tutalirekebisha leo. Mazoezi yanahamia Jumatano na Ijumaa. Mmeona? Kitu chenyewe kilikuwa kidogo hivyo." Halafu akamtazama Vénérand, bila hasira. "Na wewe, mwanangu. Hukudanganya kwa mdomo. Lakini mtu akiulizwa kwa ubaya na wewe una neno la kumtoa lawamani, ukalimeza, umedanganya. Leo umelitapika. Ni vizuri. Lakini limekaa tumboni siku saba, na siku hizo saba yule alizila peke yake. Kumbuka hilo kila utakapotaka kunyamaza."

Hawakufunga macho safari hii. Kocha aliuliza nani anataka Elysée arudi kumi, na mikono yote isipokuwa wa Mlungisi ikapanda macho wazi, wa Arnaud wa kwanza. Mlungisi hakuwa ameelewa maneno yote. Elysée mwenyewe ilibidi amweleze kwa Kizulu wanachoamua, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye haya. Kisha Mlungisi akainua mikono miwili.

Mazoezi yalipoisha, mama ameshatangulia nyumbani, Vénérand alimfuata Elysée nyuma ya goli, pale kwenye mabegi.

"Elysée. Nisamehe."

"Nimesikia pale mbele."

"Umenisamehe?"

Elysée alikuwa anafunga zipu ya begi lake. Ilikwama, akaivuta tena.

"Mpira tutacheza," akasema. "Ukikaa kushoto nitakupa, usiogope. Na mama nitampeleka mpaka amalize miezi yake sita. Yeye hajanikosea."

"Na sisi wawili?"

"Arnaud alinitukana juu hakujua. Wale wengine hawakujua." Sauti yake haikupanda. "Wewe ulijua, Vénérand."

Elysée akaweka begi begani.

"Msalimie mama," akasema. Akageuka, akaondoka.