Siku Kinyozi Aliponyamaza

Ndugu wananchi, wazazi, walezi, na ninyi mlioketi mbele kwa sababu viti vya nyuma vimejaa. Kwa heshima na taadhima, ninasimama mbele yenu kutangaza jambo kubwa lililotokea katika taasisi yetu ya kunyoa nywele.

Taasisi yenyewe ni chumba kimoja. Ina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, benchi la wateja na ufagio. Ufagio ni wangu. Kila nikiwa likizo, Baba hunipa cheo cha Mkurugenzi wa Usafi. Cheo hicho hakina mshahara.

Baba ni kinyozi. Wateja wanamwita Redio. Hawamwiti hivyo kwa ubaya. Ni kwamba akiwasha mashine ya kunyolea, mdomo nao unawaka. Atakueleza bei ya saruji, makosa ya golikipa na dawa ya mafua. Mteja hawezi kubisha, maana kichwa chake kimeshikwa. Akijaribu kukitikisa, anaambiwa, "Tulia, nitakukata sikio." Basi watu wote hukubaliana na Baba. Yeye anadhani ni kwa sababu ana hoja nzito.

Shida yetu ilianzia kwenye nywele za Mjomba.

Mjomba ni mdogo wake Mama. Ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaa wetu yametoka mikononi mwake. Anaishi nasi, katika chumba cha uani. Likizo iliyopita alikuwa akiimba huku akigonga chuma. Aliimba vibaya, lakini kwa kujiamini. Kila Jumamosi alikuwa mteja wa kwanza wa Baba.

Likizo hii ndefu nilimkuta na nywele kama kiota kilichopigwa na upepo. Ndevu nazo zilikwenda zilikotaka. Haimbi. Siku nyingine haendi kazini kabisa. Akitengewa chakula, anasema ameshiba, wakati sufuria hazijafunuliwa.

Baba, kwa macho yake ya kinyozi, aliona tatizo moja tu.

"Shemeji yangu ananidharau," alimwambia Mama. "Anaishi kwa kinyozi, kichwa kile! Wateja wananicheka. Bila shaka amepata kinyozi mwingine."

"Amepata kinyozi mwingine," Mama akasema, "halafu huyo kinyozi hamnyoi?"

Baba akafikiri. "Anamnyoa vibaya."

Mama hakucheka. "Ndugu yangu hali, baba watoto. Mimi sina habari na nywele. Naogopa kumpoteza huku namwangalia."

Basi kila mtu akaanza kumtibu kwa njia yake. Baba alimhutubia: "Shemeji, mwanaume ni kujikaza." Mama alimwambia ashukuru, kwa kuwa wapo wenye shida kubwa kuliko zake. Mimi nilifunga kamba za viatu vyake pamoja, kiatu cha kulia na cha kushoto, ili aanguke kidogo, anikimbize uani, tucheke.

Mjomba aliliona fundo. Akakaa. Akalifungua taratibu, akavaa viatu, akaondoka. Hakunikimbiza. Hakunitazama hata kwa jicho baya.

Ndugu wananchi, hapo niliogopa.

Wiki hiyohiyo, muuguzi wa kituo cha afya alipita kwenye duka letu la kunyolea. Alikuwa akialika watu kwenye mafunzo ya afya ya akili.

"Tunawataka wauza duka, wasusi na vinyozi," alisema.

"Vinyozi kwa nini?" Baba aliuliza.

"Kwa sababu watu wanawapa vichwa vyao."

Baba alivimba kwa fahari. Alikwenda mafunzoni akiamini kwamba amealikwa kufundisha. Mimi nilikwenda kama katibu wake, maana nilisikia kuna soda.

Ukumbini, muuguzi alitupanga wawiliwawili. Mmoja aeleze jambo linalomsumbua, mwenzake asikilize tu. Baba alipangwa na msusi wa jirani, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta. Msusi aanze kusema, Baba asikilize. Kufumba na kufumbua, Baba alikuwa akimweleza kuhusu saruji.

"Nani alikuwa msikilizaji hapa?" muuguzi akauliza.

"Mimi," Baba akasema.

"Vizuri. Mwenzako amekueleza nini?"

"Amekubaliana na mimi."

Ukumbi ulicheka. Mimi nilicheka mpaka soda ikanitokea puani.

Kisha muuguzi akaanza kueleza, nasi tukatulia.

"Mtu anayeumwa moyoni si lazima alie," alisema. "Mtazame kama amebadilika. Aliyependa kuimba, haimbi. Hali vizuri. Halali, au analala mchana kutwa. Anajitenga na watu. Anaacha hata kujitunza. Haogi, hanyoi..."

Baba akainua mkono. "Hanyoi nywele?"

"Nywele, ndevu, hata kucha hakati."

Baba akashusha mkono. Hata saruji hakuitaja. Nilimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

"Huo ni uvivu au ni wazimu?" mwenye duka mmoja akauliza.

"Si uvivu, wala si jambo la kumwita mtu majina," muuguzi akajibu. "Mguu ukiteguka, unasema unaumwa mguu. Hakuna anayekucheka. Akili nayo inaumwa, na inatibika. Mara nyingine sababu inajulikana, kama msiba au kukosa kazi. Mara nyingine mwenyewe hajui sababu. Kwa hiyo msimwambie ajikaze. Angeweza kujikaza, angekwisha kujikaza."

"Sasa tumwambie nini?" Baba akauliza kwa sauti ndogo. Sikujua kama anayo.

"Mtafute mahali penye faragha. Mwambie ulichokiona, na kwamba una wasiwasi juu yake. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Akisema, usimkatize, usimlinganishe na wengine. Na kama unaona amekata tamaa, muulize waziwazi kama anafikiria kufa."

Msusi alishtuka. "Si nitakuwa nimempa wazo?"

"Humpi wazo, mama. Unampa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, wala usikubali kulificha jambo hilo. Mlete kituoni, au tuite tuje. Lakini mengine aliyokuambia ni siri yake. Yasiishie kwenye benchi la wateja."

Ukumbi mzima ulimgeukia Baba.

Njiani kurudi, Baba alitembea akihesabu mawe. Mwishowe akasema, "Binti yangu, mimi ninajijua. Kesho nitamketisha mjomba wako. Nikianza kuhubiri, chomoa waya wa mashine."

"Naruhusiwa?"

"Kesho tu."

Katika maisha yangu sijawahi kupewa kazi inayonifaa namna ile.

Kesho yake, Baba alifunga mlango wa duka. Mjomba alikuja kwa sababu Mama alimwomba, akaketi kama mzigo uliowekwa.

"Binti atoke au abaki?" Baba akamuuliza.

"Abaki," Mjomba akasema. "Akitoka atakwenda kufunga viatu vya watu."

Baba akawasha mashine. Akanyoa upande wa kulia. Akasema, "Shemeji, nimekuona umebadilika. Huimbi. Huli. Nilidhani umenidharau, kumbe sikuangalia vizuri. Nina wasiwasi juu yako."

"Niko sawa, shemeji."

"Haya. Unajua, mimi nilipokuwa kijana, palitokea..."

Nikachomoa. Mashine ikazima. Baba akakohoa. Nikachomeka.

"Nilichotaka kusema ni kwamba mwanaume..."

Nikachomoa.

"Umeme umekatika?" Mjomba akauliza.

"Naam, umekatika," Baba akasema. Juu yetu taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Mjomba aliitazama taa. Akanitazama mimi na waya mkononi. Pembe moja ya mdomo wake ikacheza kidogo. Niliona shingo ya Baba ikijaa maneno kama puto. Akayameza, moja baada ya jingine.

"Sijui ni nini, shemeji," Mjomba akasema. "Ninaamka nimechoka. Chuma kile kile cha jana, leo kizito. Watu wakinichekesha, nasikia kama wako nyumba ya pili. Naona mnanilisha bure."

"Mm," Baba akasema.

Katika hotuba zote za Baba, hiyo ndiyo bora.

Mjomba akaendelea. Alisema mengi, na hayo ni yake. Alipomaliza, Baba akaweka mashine chini. Akazungusha kiti ili watazamane uso kwa uso, si kwa kupitia kioo.

"Shemeji, nakuuliza kwa kuwa nakupenda. Unafikiria kufa?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Sijapanga kitu. Lakini zipo asubuhi ninazotamani nisingeamka."

Waya ulinitoka mkononi.

"Asante kwa kuniambia," Baba akasema. Hakukimbilia hadithi. "Twende kwa muuguzi. Pamoja. Sasa hivi."

"Na nywele hizi? Umenyoa nusu."

"Nusu inatosha kwenda nayo."

"Watu watasema, shemeji."

"Waseme. Watasema Redio amejifunza kazi jana."

Wakatoka hivyo, mchana kweupe, Mjomba na nusu ya kichwa, na Baba akimshika mkono. Walipita mbele ya maduka, mbele ya msusi, mbele ya wateja wote wa Baba. Walipomwita, Baba alipunga mkono tu. Kwa kinyozi, kuachilia kichwa cha namna ile barabarani ni sawa na mwashi kujenga ukuta uliopinda kisha kuusainia. Sijawahi kumwonea Baba fahari kama siku ile.

Mjomba hakupona kama taa inavyowashwa. Alianza kuonana na mshauri kila wiki. Daktari alimpa dawa, akamwonya asiziache kwa sababu tu anajisikia nafuu. Siku nyingine alirudi nyuma, akalala hadi jioni. Mama aliacha kumlinganisha na wenye shida kubwa. Alikuwa anaketi karibu yake akichambua mchele, bila kumlazimisha kuzungumza. Polepole Mjomba akaanza kula. Akarudi karakana, kwanza nusu siku, kisha siku nzima. Asubuhi moja tukasikia nyundo, kisha wimbo. Jirani alifunga dirisha. Mama alifungua letu lote.

Duka nalo limebadilika. Siku hizi wateja wanapewa nafasi ya kuzungumza. Baba amegundua kwamba wengi hawakubaliani naye kuhusu golikipa. Jambo hilo limemuuma, lakini anasikiliza.

Haya ninayaandika kwa ruhusa ya Mjomba. Alisema, "Andika, itamfaa mtu. Ila useme nywele zangu ni nzuri." Nywele zake ni nzuri.

Hapo nilikusudia kufunga mkutano. Lakini leo, siku moja kabla ya kurudi shule ya bweni, Mjomba alikuja dukani akaketi benchini, nami nikiwa naandika na Baba ananyoa mteja.

"Mpwa wangu," akasema, "likizo nzima umetusimulia vituko vya walimu, vya mpishi, hata vya mbwa wa mlinzi. Vyako wewe hujasimulia. Shule unaionaje?"

Nikasimama, nikakohoa kama mgeni rasmi. "Ndugu mjumbe, ofisi yangu inapenda kuwahakikishia wananchi kwamba hali ni shwari..."

Hakucheka. Hakunikatiza pia. Alikaa tu, mikono magotini, kama mtu asiye na safari.

Nilitafuta mzaha mwingine. Haukuja.

"Rafiki yangu amehama shule," nikasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anacheka kwanza, ndipo wengine wanafuata. Muhula uliopita alipoondoka, nilitania darasa zima na hakuna aliyecheka. Tangu hapo nakula peke yangu. Mjomba, mimi sitaki kurudi."

Nilipoinua macho, Baba alikuwa amezima mashine mwenyewe, na mteja wake alikuwa ametoka nje bila kuambiwa.